Namna ya Kufuatilia Presha ya Kichanga Anayepozwa, Ubongo Usikose Damu wala Usifurike

Mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa, akapozwa mpaka nyuzi 33.5 ili kuukinga ubongo wake, hulala kimya akiwa na nepi tu, ngozi yake ikiwa baridi na moyo wake ukipiga mara 90 kwa dakika, na muuguzi anayemwona kwa mara ya kwanza hutamani kumfunika blanketi, kumfungulia dripu na kumwita daktari, vyote kwa pamoja. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya muuguzi huyo na tabibu aliye naye zamu katika wodi za watoto wachanga za Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, ambako baridi ya Juni na Julai humpoza mtoto hata pale ambapo hakuna aliyekusudia kumpoza. Jambo la kushika ni kwamba tarakimu ya presha peke yake haikuambii kama ubongo unapata damu inayoutosha, na kwa mtoto aliyepoa tarakimu hiyo yaweza kukutisha bure au kukutuliza bure.

Kwanza tuweke mpaka. Tiba ya kupoza mwili ilithibitishwa katika nchi zenye vifaa kamili, kwa majaribio yaliyochapishwa mwaka 2005 na mengine yaliyofuata, na huko sasa ni huduma ya kawaida kwa mtoto aliyetimiza au kukaribia kutimiza miezi yake tumboni, mwenye dalili za wastani au kali za kuumia ubongo, ambaye hajavuka saa 6 tangu azaliwe. Hupozwa kwa saa 72, joto la ndani ya mwili likishikiliwa kati ya nyuzi 33 na 34. Hata hivyo, jaribio la HELIX lililofanyika India, Sri Lanka na Bangladesh, likachapishwa mwaka 2021, lilifuatilia watoto 408 na halikuona nafuu hiyo: katika kundi la waliopozwa walifariki asilimia 42, na katika kundi la wasiopozwa asilimia 31. Kwa sababu hiyo, anayesoma haya akiwa kituo cha afya au hospitali ya wilaya asiyachukue kuwa ruhusa ya kuanza kupoza. Kupoza ni uamuzi wa timu yenye daktari bingwa wa watoto, itifaki iliyoandikwa na vifaa vya kumfuatilia mtoto saa zote. Kufuatilia presha na kulinda damu ya ubongoni, kwa upande mwingine, ni kazi inayomhusu kila anayempokea mtoto aliyekosa hewa, awe amepozwa kwa makusudi, amepoa njiani, au ana joto la kawaida.

Lango la mfereji lililovunjika

Anayelima vinyungu mabondeni kule Iringa anajua kwamba bustani hainyweshwi na mto bali na lango la mfereji. Maji ya mto yakijaa, lango hufungwa kidogo. Yakipungua, hufunguliwa zaidi, na mboga zinapata kiasi kilekile. Mishipa ya damu ya ubongo wa kichanga mwenye afya hufanya vivyo hivyo: presha ikipanda husinyaa, ikishuka hutanuka, na damu inayofika ubongoni haibadiliki sana. Mtoto aliyekosa hewa kwa muda mrefu huweza kupoteza uwezo huo. Lango likishavunjika, bustani hupokea chochote ambacho mto umeleta. Presha ikianguka, ubongo unakauka. Presha ikirushwa juu ghafla kwa dripu ya haraka au dawa ya kukaza mishipa, ubongo unafurika, na mishipa myembamba yaweza kupasuka.

Kupoa kunaongeza mambo matatu juu ya hilo. Mahitaji ya ubongo hushuka, kwa kadirio la asilimia 5 hadi 7 kwa kila nyuzi moja ya joto inayopungua, na damu inayokwenda huko hupungua pia. Upungufu huo unalingana na mahitaji, kwa hiyo haupaswi kupingwa. Moyo nao hupunguza mwendo, kwa takribani mapigo 10 kwa kila nyuzi, ndiyo maana mapigo 80 hadi 100 kwa mtoto aliye kwenye nyuzi 33.5 ni jambo la kutarajiwa. La tatu ndilo linalodanganya wengi: mishipa ya ngozini na ya miguuni hubana kwa baridi, na kubana huko huinua presha. Moyo unaweza kuwa unasukuma damu pungufu kwa kiasi cha theluthi moja, na mashine bado ikaandika presha inayopendeza.

Kupima bila kujidanganya

Makosa mengi ninayoyaona hayatokani na kutojua fiziolojia, yanatokana na kafu, yaani ule mkanda unaofungwa mkononi kupimia presha. Upana wa kafu unapaswa kukaribia nusu ya mzunguko wa mkono wa mtoto. Mkono wenye mzunguko wa sentimita 10 unahitaji kafu yenye upana wa sentimita 4 hadi 5. Kafu ndogo kuliko mkono huonyesha presha ya juu kuliko ilivyo, na kubwa mno huishusha. Kafu za vichanga huwa zimeandikwa namba, 1 ikiwa ndogo kuliko zote na 5 ikiwa kubwa. Tatizo ni kwamba katika droo ya wodi mara nyingi hubaki mbili tu, moja ikiwa haishiki tena, na mtu hufunga ile inayoshika. Afadhali uandike kwenye chati namba ya kafu uliyotumia, ili atakayekupokea zamu atumie hiyohiyo na mabadiliko atakayoyaona yawe ya mtoto.

Funga kafu mkono wa kulia ikiwa hauna dripu, iwe usawa wa moyo, kisha umwache mtoto atulie. Usipime mara baada ya kumnyonya makohozi, kumchoma sindano au kumbadilisha nepi. Pima mara tatu, ukiacha dakika mbili katikati, na usiandike ile ya kwanza kwa haraka, kwa kuwa mtoto huwa ameshtushwa na kubanwa. Kama mkono wa kulia hautumiki, pima mguuni na uendelee na mguu huohuo. Presha ya mguu ikiwa chini kuliko ya mkono kwa zaidi ya milimita 20 za zebaki, mjulishe daktari, maana hilo laweza kuwa tatizo la mshipa mkuu wa damu na si la kupozwa.

Tarakimu ya kuandika kwanza ni presha ya wastani. Mashine hizi za kafu hupima wastani wenyewe kutokana na mtikisiko wa damu, kisha hukokotoa ya juu na ya chini, kwa hiyo wastani ndio wenye kuaminika zaidi. Ikiwa umepewa mbili tu, toa ya chini kutoka ya juu, gawa kwa tatu, ongeza kwenye ya chini: 58 kwa 34 inakupa 24, theluthi yake 8, wastani 42. Kanuni inayotumika wodini ni kwamba wastani usishuke chini ya idadi ya wiki za ujauzito alizozaliwa nazo mtoto, yaani kama milimita 40 kwa aliyetimiza miezi. Ni kanuni ya kazi tu. Haikutokana na kupima ubongo wa mtoto yeyote, na ni vyema ikumbukwe hivyo pale mtu anapotaka kuanza dawa kwa sababu mashine imesoma 39. Tena, presha inapokuwa chini sana, mashine ya kafu huwa na tabia ya kusoma juu kuliko ukweli. Palipo na mrija katika mshipa wa ateri wa kitovu, huo ndio wa kufuatwa.

Soma presha pamoja na majirani zake

Presha ya wastani 38, mkojo ukitoka vizuri na mtoto akiitikia kiasi kilekile cha saa iliyopita, ni hali ya kuangaliwa kwa karibu. Presha ya wastani 44, nepi ikiwa kavu tangu jioni na tindikali ikiongezeka katika damu, ni hali ya kumwamsha daktari. Ndiyo maana nepi ni kipimo muhimu kuliko watu wanavyodhani. Ipime kwenye mizani ikiwa kavu, andika uzito kwa kalamu ya wino pembeni mwa nepi, ipime tena ikilowa. Gramu moja ni mililita moja. Mtoto wa kilo 3 anapaswa kutoa angalau mililita 3 kwa saa, kwa hiyo nepi ya saa 6 isiyofika gramu 18 inakuambia kitu, ingawa figo zilizokosa hewa nazo huweza kuchelewa kuamka hata presha ikiwa sawa.

Kubonyeza ngozi na kuhesabu sekunde za damu kurudi, ambayo ni silaha yetu ya kila siku, hapa hupoteza makali kwa sababu ngozi iliyopozwa hurudisha damu polepole hata pale ambapo hakuna upungufu. Mapigo ya moyo nayo yasomwe kinyumenyume: mapigo 90 yasikutishe, bali mapigo 140 kwa mtoto aliye nyuzi 33.5 yakushtue. Mtoto huyo ana maumivu, ana degedege lisiloonekana, amepoteza damu, au kipimajoto chake kimechomoka. Anza na kipimajoto.

Chati yangu huwa na mstari mmoja kwa kila saa, wenye muda, joto la ndani, mapigo, presha ya wastani, oksijeni, mkojo, na neno moja kuhusu hali ya mtoto. Mfano: saa 8 usiku, 33.4, 94, 43, 95, 11, «anakunja mkono akiguswa». Hilo neno la mwisho ndilo ambalo wengi huliacha, nalo ndilo linalozungumza kwa niaba ya ubongo.

Pampu ya kumpumulisha ni bomba la damu ya ubongo

Sehemu hii husahaulika, nayo pengine ndiyo yenye madhara makubwa kwa mkono wa mtu mwenye nia njema. Hewa chafu, yaani kaboni dayoksaidi, ndiyo inayoiamuru mishipa ya ubongo itanuke. Ikishuka mno, mishipa hubana na ubongo hukosa damu hata presha ikiwa 45. Sasa fikiria safari ya rufaa kutoka Ludewa au Makete, gari likikata kona za milimani, muuguzi akiwa na mtoto magotini, akibana pampu kwa hofu mara 80 kwa dakika. Anadhani anaongeza uhai, kumbe anaitoa kaboni kupita kiasi na kufunga lango. Mara 40 hadi 60 kwa dakika zinatosha, kifua kikiinuka kwa upole, na mtoto akianza kuvuta hewa mwenyewe kwa utulivu, pampu isimamishwe. Oksijeni nayo ipunguzwe kipimo kikipita asilimia 97. Mtoto aliyekosa hewa hafidiwi kwa kulundikiwa oksijeni.

Palipo na mashine ya gesi za damu, angalia kama imeambiwa joto halisi la mtoto. Mashine hupasha damu mpaka nyuzi 37, na damu ya baridi ikipashwa husoma kaboni kubwa kuliko iliyomo mwilini. Kipimo cha milimita 40 kwenye karatasi, kwa mtoto wa nyuzi 33.5, ni kama 34 katika mishipa yake. Asiyejua hilo ataongeza kasi ya mashine ya kupumulisha kwa mtoto ambaye kaboni yake tayari imeshashuka.

Kichwa kikae katikati, pua ikitazama dari, kitanda kikiinuliwa kidogo upande wa kichwa. Shingo iliyopindishwa hubana mishipa inayorudisha damu kutoka ubongoni. Kofia na kamba za vifaa vya pua zisibane.

Presha ikishuka

Kabla ya kugusa dawa, rudia kipimo na ukague kafu. Angalia joto: je, mtoto ameteremka chini ya 33 bila mtu kujua? Angalia sukari, isiwe chini ya milimoli 2.6 kwa lita. Pitia dawa zilizoingia saa iliyopita, kwa sababu fenobabitoni (dawa ya degedege) ya kuanzia, miligramu 20 kwa kilo, na mofini (dawa ya maumivu) huweza kushusha presha, na mofini hukaa mwilini muda mrefu zaidi mtoto anapokuwa baridi kwa kuwa ini linafanya kazi polepole. Uliza habari za uzazi. Kondo lililobanduka, kitovu kilichovuja, kichwa kilichovimba chini ya ngozi baada ya kuvutwa kwa kifaa, hayo ni mambo ya damu iliyopotea, na mtoto huyo anahitaji kujaziwa.

Asiye na historia ya kupoteza damu asilundikiwe maji. Moyo wake pia ulikosa hewa, ni msuli uliochoka, na kumwagia maji ni kumwongezea mzigo. Daktari akiamuru, maji ya chumvi ya kawaida hutolewa mililita 10 kwa kilo, yaani 30 kwa mtoto wa kilo 3, yakipita taratibu kwa dakika 20 hadi 30 kwa bomba la sindano au pampu, na si kwa dripu iliyofunguliwa hadi mwisho. Kisha pima tena kabla ya kufikiria ya pili. Dawa za kuusaidia moyo, kama dobutamini, dopamini au adrenalini, ziende kwa pampu ya sindano, zipandishwe hatua kwa hatua. Umeme ukikatika na pampu ikasimama kisha ikaanza tena kwa kasi, presha huanguka na kuruka ndani ya robo saa, jambo ambalo kwa ubongo usio na lango ni baya kuliko presha ya chini iliyotulia. Kagua betri ya pampu mwanzoni mwa zamu.

Kurudisha joto

Hapa ndipo pa kukesha. Mishipa ya ngozini iliyobana kwa siku tatu hutanuka, damu huhamia huko, na presha iliyokuwa nzuri huanguka wakati uleule ambao ubongo unaanza kudai zaidi. Degedege nalo huweza kuzuka tena. Joto lisipande zaidi ya nusu nyuzi kwa saa. Kutoka 33.5 hadi 36.5 ni nyuzi tatu, kwa hiyo si chini ya saa 6, na ukienda robo nyuzi kwa saa ni saa 12. Panga saa hizo ziangukie mchana, wakati daktari yupo. Pima presha na joto kila nusu saa, na presha ikishuka chini ya lengo, simamisha joto pale lilipofika kabla ya kufikia dawa. Halafu usivuke 37.5, kwani homa huuumiza ubongo huo kwa mara ya pili.

Nilijifunza hili kwa mtoto ambaye hakuna aliyempoza. Alitoka milimani usiku wa Julai, akiwa amefungwa vitenge vitatu katikati ya chupa mbili za maji ya moto zilizokwisha kupoa, na barua yake iliandikwa joto 35. Kipimajoto cha zebaki cha kawaida huanzia 35, kwa hiyo hakiwezi kusema chini ya hapo. Chetu kinachoshuka zaidi kilisoma 32.4. Presha yake ya wastani ilikuwa 46, tukafurahi, tukamweka chini ya mashine ya joto iliyowashwa hadi mwisho. Baada ya dakika arobaini ngozi ilikuwa nyekundu nzuri na presha ilikuwa 31. Hatukuwa tumempima hata mara moja katikati. Siku hizi mtoto kama huyo, iwapo timu haijaamua kumpoza, hurudishwa hadi 36.5 akiwa na kafu mkononi na kipimajoto mahali pake, na mashine ya joto haiachwi bila mtu.

Ultrasaundi ya kichwani

Palipo na daktari anayejua kupima mwendo wa damu kwa Dopla kupitia utosi, hulinganisha kasi ya damu moyo unapopiga na kasi yake moyo unapopumzika. Kasi ya 40 na ya 22, kwa mfano, tofauti ni 18, na ukigawa kwa 40 unapata 0.45. Kipimo cha chini ya 0.55 kwa mtoto asiyepozwa ni ishara mbaya: mishipa imelegea na damu inapita kwa wingi katika ubongo ambao hauwezi tena kuitumia. Kwa anayepozwa kipimo hicho hakitabiri vizuri, kwa hiyo familia isiambiwe hatima ya mtoto kwa tarakimu hiyo.

Familia nayo ina swali lake. Kwa watu wa Njombe na Makete baridi ndiyo adui wa kichanga, na bibi akimkuta mjukuu wake uchi katika chumba kisicho na jiko, ana haki ya kukasirika. Mmoja nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kunitazama, kisha akauliza, «Mjukuu wangu huyu amewakosea nini mpaka mnamwacha na baridi?» Nilimwonyesha kipimajoto, nikamwambia kwamba kichwa cha mtoto kimeumia, kwamba tunakipumzisha kwa siku tatu kama mtu anavyopumzisha mguu uliovunjika, na kwamba kila saa tunapima kama damu inafika. Akaomba aone ninavyopima. Nikafunga kafu, tukasubiri pamoja, mashine ikasoma 42. Aliuliza kama hiyo ni nzuri. Nilimjibu kwamba nitajua nikishapima nepi.